Theluji Yenu Imenipa Kipaza Sauti

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Theluji,
Jimbo analoishi Shangazi Anande,
Marekani.

Shikamoo. Umri wako siujui, ila kwa cheo hicho naamini unastahili.

Mimi ni Penina wa Tengeru, nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Nalalamikia, kwa heshima, dhoruba iliyofunga uwanja wenu wa ndege. Jumamosi Bibi anatimiza miaka themanini, na Shangazi ndiye msemaji wa familia.

1. Mlima Meru nao hupata theluji. Ikianguka inakaa huko huko kileleni, tunaitazama asubuhi, mchana imeondoka. Haijawahi kushuka hadi uwanja wetu wa Kisongo kuzuia ndege. Hiyo yenu imelelewa na nani?

2. Mvua inayoganda ikishaanguka sijaielewa. Ya kwetu ikifika chini inaendelea na safari hadi mtoni. Shangazi alituma picha ya gari lake limefunikwa barafu, Bibi akauliza, "Nani amelisahau kwenye friza?"

3. Kwa sababu yenu, Baba Mdogo Aminieli, ambaye ndiye MC, amesema, "Penina si umetoka shule? Utasema wewe." Nikamweleza kwamba hata darasani jina langu likiitwa nilikuwa nanyoosha mkono tu bila kuitika, na kwaya naimba nyuma ya kaka Ephraimu kwa kuwa ni mrefu. Akajibu, "Basi Ephraimu atakushikia maiki."

4. Hivyo naomba muahirishe dhoruba hadi Jumatatu. Ikishindikana, ileteni Tengeru Jumamosi asubuhi, wageni wabaki kwao. Isiguse tu migomba ya Bibi, na mtuarifu mapema tusichinje mbuzi. Hilo nalo likishindikana, njoo mwenyewe uwaeleze wageni.

Wasalimie wote wanaokwangua barabara. Ukimwona mama mwenye makoti mawili, ndiye Shangazi. Mwambie sare yake ya kitenge imeshashonwa.

Ni mimi, mwenye heshima na hofu,
Penina

N.B. Jumamosi imepita. Niliposimama, karatasi pekee niliyokuwa nayo ni hii, maana wiki nzima nilikuandikia wewe badala ya kuandika hotuba. Nikaisoma yote. Bibi alicheka mpaka akavua kilemba kufuta machozi, akasema, "Rudia pale pa friza." Nikarudia. Sasa nimeombwa kusema kwenye harusi ya Ephraimu mwezi wa pili. Tatizo ni kwamba Shangazi amepiga simu, barabara zimefunguka, anakata tiketi awahi harusi azungumze yeye. Mheshimiwa, kama stoo imebaki theluji, hata kidogo, naomba msiitupe.