Mama Lazima Aolewe Karama

Jumapili, 2 Novemba
Viza ya Mama inaisha mwisho wa mwezi. Atarudi Tanga, kwenye nyumba ambayo tangu Baba afariki anakula chakula cha usiku amesimama. Alinisimulia hayo huku anacheka. Mimi sikucheka. Nimeamua: Mama ataolewa hapahapa Dubai, mtaani kwetu Karama. Na mwanangu Amour, miezi saba, atabaki na bibi yake nikiwa kazini. Hilo ni jambo la pili. Karibu la kwanza.

Mchumba nimeshampata. Mzee Marhun wa ghorofa ya nne, mgane, ana duka la udi. Kanzu imenyooka siku zote.

Jumanne, 4 Novemba
Nilimwomba Mama apike kaimati za jirani. Hakuuliza jirani gani. Nimechelewa metro, nikamwachia bakuli Mzee Famau, mlinzi wa jengo, ampandishie Marhun. Jioni bakuli likarudi na tende. Najua, kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Lakini tende hizi zimechaguliwa moja moja. Mume wangu Mahfudh kasema nikalale.

Alhamisi, 6 Novemba
Kaimati tena. Bakuli limerudi na asumini. Asumini! Mama kazibana kwenye mtandio, akashuka na mtoto kupunga upepo. Saa nzima. Karudi anaimba. Marhun huyu ana mambo. Kazini, zahanati ya Oud Metha, nimechanganya mafaili ya wagonjwa wawili kwa furaha.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimemwalika Marhun chai. Nikamsogezea kaimati, akazirudisha kwa kidole kimoja. Ana sukari. Hajaonja hata moja. Tangu siku ya kwanza alimwambia Famau azile yeye. Nikamtazama Mama. Mama alikuwa anamfuta mtoto mdomo, nao ulikuwa msafi.

Mgeni alipotoka nikamuuliza Mama amejua tangu lini. Tangu tende, kasema. "We mwanangu ulidhani nashuka chini kutazama magari?" Famau ni mgane wa Lamu, na anamchekesha.

Nikasema sawa, mlinzi si neno, alimradi Mama anabaki hapa. Akasema mkataba wa Famau unaisha Desemba na Dubai imemchosha. Posa itapelekwa kwa mjomba, Tanga. Watakaa huko.

Nimelia jikoni. Mama akanifuata, akaninawisha uso kama nina miaka mitano. Akasema mtoto nitampatia mlezi, ila yeye anataka mtu wa kumwambia chai yake imepoa. Kisha akaniapisha nisimtafutie binadamu yeyote mwenza tena. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimempigia Shangazi Hamida, Pangani. Mjane, mpweke, hodari wa watoto. Nimemweleza kwamba kuna mzee wa heshima ghorofa ya nne, hana makuu, hata sukari hali. Shangazi kasema pasipoti anayo.

Mahfudh kaniuliza kama Marhun mwenyewe ameulizwa. Nimemjibu kwamba mambo mengine mtu haulizwi, anasaidiwa.