Bewilder Nyumbani kwa Wakwe

Wasee, leo nimeaibika mchana kweupe, tena kwa wakwe, Thika.

Mnajua mimi hutengeneza pikipiki hapa Ruiru na shule niliachia kidato cha pili. Njeri ananipenda hivyo hivyo. Shida ni mjomba wake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza na msemaji wa familia. Alishaapa msichana wao hataolewa na mtu asiye na kichwa. Na leo ndiyo ruracio, siku ya mahari. Huyo mzee akikataa, mimi kwisha.

"Kijana," akaniuliza watu wote wakinitazama, "bewilder ni kufanya nini?"

Ngai! Bahati nzuri Njeri alikuwa amenifunza maneno kama hayo wiki nzima. Nikasimama, nikanyoosha koti. "Ni kumchanganya mtu mpaka hajui ashike lipi aache lipi."

"Vizuri. Nipe mfano."

 (Maana ya neno nilikariri. Mfano sikukariri.) Mzee akatikisa kichwa, nikaona harusi ikienda na maji.

Ikafika saa ya kumtambua bibi harusi. Wanawake wakaletwa wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, nitoe wangu. Mimi nacheka tu kimoyomoyo. Njeri alikuwa ameniambia nitafute kucha nyekundu za miguu. (Ndiyo, tuliiba mtihani.) Nikaangalia chini. Zote nyekundu! Shangazi zake walikuwa wamegundua, wakampaka kila mtu rangi.

Jasho! Nikapita, nikarudi, nikapita tena. Mwishowe nikamshika mmoja bega. "Huyu ndiye wangu!"

Leso ikatolewa. Woi! Shosho yake Njeri, meno ya mbele hana, anacheka. "Karibu, mume wangu!" Akanikumbatia. (Shosho wa kwetu huita wajukuu hivyo, lakini si mbele ya mchungaji aliyekuja kutuombea!) Watu walicheka mpaka wakashikana. Njeri naye alikuwa ameshatoa leso yake, amekaa chini, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Mwalimu!" nikapayuka. "Mfano nimeupata! Wanawake wenu wameni-bewilder!"

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akaja, akanipiga mgongoni. "Huyu anafundishika. Mpeni msichana." Haki ya Mungu, nililia kwa furaha.

Kwa hivyo harusi iko, na mkija naomba msinicheke. Ila shosho amekataa kata kata: yeye ndiye mke wa kwanza, Njeri angoje zamu yake.