Meli ya Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua! Jumamosi baba mkwe anatimiza miaka sabini, na safari hii lazima aniite "mwanangu". Miaka kumi na miwili nimemwoa binti yake, bado ananiita "huyu". Huyu ameshakula? Huyu naye anakuja? Ilhali Daktari wa Meno, mume wa shemeji yangu, ni mwanangu asubuhi, mwanangu jioni. Eti alimng'oa mzee jino bila maumivu. Jino moja!

Mzee alikuwa seremala wa meli miaka thelathini. Kwa hiyo nimenunua boksi la meli ndogo ya mbao ya kujiundia mwenyewe: mbavu, gundi, na vibao vyembamba kama tambi. Mke wangu kashauri tumnunulie shati. Nikafungua boksi.

Karatasi ya maelekezo inasema kazi ni ya miezi mitatu. Aliyeiandika hana shughuli nyingine. Inasema pia ubao mmoja ubandikwe kushoto, unaofuata kulia, hivyo hivyo hadi juu. Niigeuze meli mara zote hizo? Nitamaliza kulia kwanza, halafu kushoto.

Jumanne, 4 Machi

Vibao huloweshwa ili vipindike. Nimevilowesha kwenye beseni la kufulia. Vibanio vya kwenye boksi ni sita tu, basi nimechukua vya kwenye kamba ya nguo, vyote arobaini. Baadaye mke wangu akauliza shuka zake zimefikaje kwa jirani. Nikamwambia ni upepo. Na ni kweli.

Upande wa kulia umekamilika! Nimeupiga msasa hadi unateleza. Nimejipongeza kwa chai.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Vibao vimekauka na kuvuta mbavu. Meli imepinda kama tango. Nimeilazia kamusi juu ili inyooke. Ikalia kra! Nikaondoa kamusi. Nikakaa chini.

Hapo ndipo wazo likaja. Kabati la sebuleni kwa mzee limegusa ukuta. Nani huzunguka nyuma ya meli iliyo juu ya kabati? Hakuna. Basi upande wa kushoto hauna kazi! Nashangaa waunda meli wengine hawajaligundua hili.

Alhamisi, 6 Machi

Rangi. Nyekundu chini, nyeusi juu. Muuza rangi kasisitiza nianze na rangi ya msingi, ikauke siku nzima, ndipo nipake nyingine. Nilimsikiliza kwa heshima, nikaenda kupaka zote kwa mkupuo. Mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele imefanya kazi ya siku nzima kwa dakika kumi. Yametokea malengelenge, lakini ukisimama mbali yanafanana na madirisha.

Daktari wa Meno alipita kurudisha ngazi yetu. Akaitazama meli kwa muda, kisha akauliza kwa upole hicho kiatu ni cha nani. Wivu tu!

Ijumaa, 7 Machi

Rangi haijakauka. Nimeipepea kwa gazeti. Gazeti likanata. Sasa meli ina matangazo ya vifo ubavuni. Nimepaka nyeusi juu yake. Mke wangu kanikumbusha kwamba mashati bado yapo madukani.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika wa kwanza, nikaiweka juu ya kabati, upande mzuri mbele. Wageni wakasogea. Mzee akavaa miwani. Akapitisha kidole ubavuni, kikarudi cheusi. Nikamwambia ndivyo rangi za kisasa zilivyo. Kisha akainyanyua. Sikutarajia ainyanyue! Akaigeuza. Mbavu tupu, na gundi inaning'inia. Macho yakamlowa.

"Mwanangu," akasema.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikafungua mikono nimkumbatie.

"Mwanangu," akarudia, akimtazama mke wangu, "pole sana."

Keki nimeila jikoni, nimesimama, peke yangu. Niliumia kwa kweli.

Jumapili, 9 Machi

Ajabu! Mzee kapiga simu. Alimwambia mke wangu kwamba hata yeye, mwaka wake wa kwanza kazini, alianza kwa kumaliza upande mmoja, na fundi wake akaubomoa wote mbele ya wenzake. Basi huyu atafute boksi jingine, aje nalo kila Jumapili, wafanye pamoja. Ubao kushoto, ubao kulia, polepole, miezi mitatu. Sisi wawili tu! Daktari wa Meno hakualikwa. Nilifurahi mpaka nikajifungia chooni nikalia kidogo.

Lakini mzee wa miaka sabini, miezi mitatu ya kuinama mezani? Huo ni ukatili. Boksi jipya ninalo tayari. Nitaimaliza meli nzima wiki hii, Jumapili nimkabidhi ikiwa imekamilika, asilazimike kunifundisha chochote.

Nimeshaanza. Safari hii nimeanza na upande wa kushoto.