Filamu ya Shimo Langu

Jumanne, 1 Agosti 1995

Hatimaye! Watu wa filamu wamefika huku Kibimba, wilayani Ngara. Gari moja, kamera mbili, miavuli mitatu, na ni kiangazi. Wanatengeneza filamu ya mafunzo kuhusu watu walionusurika katika majanga, ya kuonyeshwa vijijini na makambini kwa gari la sinema. Wamesikia habari zangu. Nilijua tu ipo siku.

Niziandike hapa, zisije zikapotoshwa. Agosti mwaka jana nilichimba kisima katikati ya shamba la maharage la mke wangu Theodosia, ili niwauzie maji wakimbizi wa kambi ya jirani. Mpango safi kabisa. Wakimbizi tele, maji hakuna. Nilichimba kina cha watu wanne. Maji hayakutoka. Kosa la ardhi, si langu. Theodosia akaniambia nilifukie shimo hilo. Nikamwambia kesho. Akaniambia tena. Nikamwambia kesho. Mwezi wa sita mwaka huu nikatumbukia mwenyewe, nikakaa humo siku mbili na mguu ulioteguka, nikizungumza na chura. Theodosia hakunitafuta. Alidhani nimekwenda kambini kwenye mipango yangu, amezoea. Aliyenisikia ni Hategekimana, mkimbizi anayetulimia kwa kibarua. Alijifunga kamba akateremka, akanitoa.

Nilinusurika! Wangapi wanaweza? Lakini Theodosia hakuona ushujaa wowote. Mguu ulipopona nikaanza kuwaonyesha watu shimo, kila mgeni na viazi vyake viwili vya kiingilio. Siku ya tatu akafunga nguo zake akarudi kwao Runazi, kule Biharamulo. Alisema atarudi siku shimo litakapofukiwa. Wiki ya tano hii. Nala viazi vya kiingilio, nimevichoka. Nimemkumbuka mpaka naona aibu kuandika.

Lakini sasa, filamu! Itafika hadi Runazi. Theodosia atakaa kwenye nyasi, ataniona juu ya shuka nyeupe nikiwa mkubwa kama nyumba, nikipambana na mauti. Atarudi mbio. Na watu wa filamu wanalihitaji shimo likiwa wazi. Afadhali sikulifukia!

Jumatano, 2 Agosti

Dhuluma. Sina neno lingine.

Mwongozaji, Bwana Shilinde wa Mwanza, aliniomba niteremke kwa ngazi niombe msaada kama siku ile. Nikateremka. Nikaomba. Akasema nirudie. Nikarudia mara tano. Akasema naita kama mtu anayeagiza chai. Kisha akasema nimeshiba mno, mtu wa shimoni anatakiwa awe na mashavu yaliyoingia ndani. Nikamweleza kwamba mwili ulioanguka mwezi wa sita ndio huu huu, sijabadilisha. Hakusikia.

Nafasi yangu wamempa Laurian! Laurian, mwalimu wa kwaya ya kigango, mtu ambaye hajawahi kuanguka hata kwenye baiskeli! Alilia mara moja tu kule chini, mpiga picha akafuta machozi. Laurian ndiye mimi. Mimi ni Mwanakijiji wa Tatu, mshika kamba. Yaani nitavuta kamba ya kunitoa mimi mwenyewe, na anayetoka ni Laurian.

Hategekimana anaigiza Hategekimana. Waliuliza aliteremkaje, akawaonyesha, wakasema basi inatosha. Wengine wana bahati.

Ijumaa, 4 Agosti

Nina mpango. Asubuhi nilimvuta Laurian pembeni, nikamwambia kwa huruma kwamba nilipokuwa shimoni nilimwona nyoka, swila mkubwa, anaishi kwenye ufa upande wa kushoto, na hapendi waimbaji. Laurian akabadilika rangi. Nilirudi nyumbani nikachana nywele, tayari kuchukua nafasi yangu.

Laurian hakukimbia. Alikwenda kuchukua maji ya baraka, akanyunyiza, akateremka. Kila jani likitikisika anapiga kelele kutoka tumboni, anatetemeka, anakwaruza ukuta kwa kucha. Bwana Shilinde alikaribia kucheza. Alisema tangu aanze kazi hii hajaona hofu ya kweli namna ile. Akamuuliza Laurian ameitoa wapi. Laurian akasema ni mimi niliyemsaidia. Akanipa mkono mbele ya watu!

Jumamosi, 5 Agosti

Leo ilikuwa zamu ya mke kulia ukingoni. Hakuna aliyetumwa kumwita Theodosia. Nilisema yuko safarini. Sehemu yake wamempa Domisiana, dada yake Laurian. Familia nzima imehamia maishani mwangu. Domisiana ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, akiimba Kibimba anasikika ng'ambo ya bonde. Alitakiwa alie kilio cha msiba. "Yooo! Philbert wangu weee! Amekwenda!" Bwana Shilinde akataka arudie, kwa sababu ya jua. Kisha kwa sababu ya mbuzi. Kisha kwa sababu ya upepo. Mara tisa!

Nilimwambia Bwana Shilinde kwamba huku kwetu kilio cha msiba hakichezewi. Kikisikika, watu hutupa majembe wanakuja. Akasema ndiyo vizuri, anahitaji watu wengi nyuma ya Domisiana. Basi nikarudi kwenye kamba yangu. Mimi ni mshika kamba tu.

Kabla ya saa sita walianza kuingia. Wa ng'ambo ya bonde, wa mlima wa pili, hadi watu ambao hawakunisalimia miaka yote. Mikungu ya ndizi, maharage, kuni za matanga. Hategekimana naye alikuja mbio na kamba yake begani, ilhali alikuwa anajua ni filamu. Nikamcheka. Akasema anajua, ila kule alikotoka walilia na hakuna aliyekwenda, basi yeye akisikia kilio anakwenda kwanza, anauliza baadaye. Nikamwonyesha mahali pa kuweka kamba yake.

Mzee Bulugu wa mlima wa pili alifika na mkungu kichwani, jasho linamtiririka. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, akakaa, akaniuliza Philbert atazikwa saa ngapi. Nikamwambia Philbert ni mimi. Akanitazama sana. Akasema ametembea tangu asubuhi na mkungu ule haurudishi, kwa hiyo msiba upo. Nikaona ana hoja. Nikaupokea. Nikapokea na ya wengine. Kumi na moja! Ni heshima yangu mwenyewe, mtu mwingine angeipokeaje?

Jumapili, 6 Agosti

Misa. Padre alitoka parokiani, akasoma nia za misa alizoletewa kutoka milimani. Ya nne ilikuwa ya kuombea roho ya marehemu Philbert Bitababaje. Mimi huyu, benchi la tano! Watu wakageuka. Nikainamisha kichwa nikaitikia Amina pamoja nao. Ningefanyaje? Sala ni sala.

Baada ya misa, Domisiana aliniambia jambo lililonichoma. Madereva wa malori yanayoleta chakula cha wakimbizi walisimama jana barabarani, wakasikia kilio, wakauliza jina. Malori hurudi matupu kupitia Biharamulo. Habari zangu ziko njiani.

Ningeweza kumtuma mtu Runazi leo hii aseme niko hai. Nilifikiri sana. Kisha nikala ndizi za kuchoma, nikaona nisubiri kidogo.

Jumatatu, 7 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne. Kamera inaendelea. Laurian yuko shimoni analia, mimi nimeshika kamba pamoja na wanakijiji wengine wawili. Tukasikia kilio kutoka barabarani. Bwana Shilinde akauliza ni nani aliyemwambia Domisiana aanze. Domisiana alikuwa amesimama pale pale, mdomo umefungwa.

Alikuwa Theodosia. Ameshuka kwenye lori, kichwani kitambaa cheusi, miguu peku, mama yake nyuma na fimbo. Moyo wangu! Ningemkimbilia wakati ule ule, mambo yangeisha vizuri. Lakini niliwaza: ni mume gani anayepata nafasi ya kusikia mkewe anavyomlilia? Nikaachia kamba, nikajificha nyuma ya migomba.

Alipiga magoti ukingoni. Hakulia kama Domisiana, sauti yake ilikuwa imekwisha njiani. Alisema Philbert alikuwa mtu wa mipango ya kipumbavu, lakini hakuwahi kumfokea hata siku moja. Akasema nilikuwa nikimchekesha hadi ugali unaungua. Akasema kiburi ndicho kilichomweka Runazi, heri angerudi afukie shimo kwa mikono yake mwenyewe kuliko kuniacha humo. Akaniomba msamaha. Mimi! Nililia pale nyuma ya migomba kama mtoto, nililia kweli, na nikajua sitaki kitu kingine duniani ila yule mwanamke arudi nyumbani. Mpiga picha alikuwa anarekodi.

Ndipo Laurian, aliyekwishapanda kwa kamba, akachungulia kutoka shimoni, tope hadi kwenye kope, akauliza kama arudie.

Mama mkwe alipiga kelele, akampiga fimbo ya kichwa, Laurian akateleza na kamba hadi chini. Nami sikuvumilia. Nikaruka kutoka migombani nikiita Theodosia, Theodosia, niko hai! Kifua wazi, mbele ya mama mkwe, ambaye kwa mila sijawahi kumtazama usoni tangu nioe. Akajifunika kanga kichwa kizima, akanipiga nami, kwa kukisia.

Theodosia alinigusa uso. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alitabasamu, naapa alitabasamu. Kisha akaona ndizi ya kuchoma mkononi mwangu. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya msiba. Akauliza msiba wa nani. Nikasema wangu. Akaitazama mikungu kumi na moja iliyopangwa ukutani, mmoja baada ya mwingine.

Hakufoka. Alichukua jembe akaanza kusukuma udongo shimoni. Laurian akapiga mayowe mazuri kuliko yote ya wiki nzima. Hategekimana akamshika mkono Theodosia taratibu, akateremsha ngazi, akamtoa Laurian. Theodosia akanipa jembe. Akasema mbele ya watu wote kwamba ana swali moja tu: je, nitalifukia leo? Nikilifukia leo, hapandi lori.

Dereva akapiga honi. Mimi na jembe.

Nikamtazama Bwana Shilinde. Akasema imebaki sehemu moja tu, ya jua kuzama juu ya shimo, kesho jioni.

Nikamwambia Theodosia, kwa upole, kesho.

Alifungua kile kitambaa cheusi, akakikunja vizuri, akakiweka begani kwangu. Alipanda lori bila kugeuka. Wanawake, hawana subira kabisa! Siku moja tu!

Jumanne, 8 Agosti

Jua limezama juu ya shimo. Wamepiga picha, wamefunga miavuli, wameondoka. Bwana Shilinde alinishukuru. Alisema kilio cha Theodosia kitaliza nchi nzima, atakiweka chote, na kile kipande cha mwisho ninapotokea migombani atakikata kwa sababu kinaharibu. Kwa hiyo katika filamu nimekufa, au nimekuwa Laurian, sijaelewa vizuri.

Jioni Hategekimana alikuja na sepetu mbili. Alisema tukianza sasa tutamaliza kesho mchana, atanisaidia bure, kisha niende Runazi mwenyewe nikamwambie. Alikwisha vua shati. Nikamwambia asiwe na haraka, mambo haya yanahitaji akili. Akakaa kidogo na sepetu zake. Akaondoka na zote mbili.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimekaa siku mbili nikifikiri, na nimeliona kosa lilipokuwa. Halikuwa shimo. Theodosia alikuja! Peku! Habari ya kifo inamleta siku hiyo hiyo. Kosa ni kwamba safari ile sikujiandaa: ndizi mkononi, Laurian chini, mama mkwe hakutarajiwa. Safari hii nitakuwa nimelala kitandani, nimeoga, naamka polepole nikisikia sauti yake.

Malori hayaaminiki. Nitatumia matangazo ya vifo ya redio, nchi nzima inasikiliza. Nimekwisha andika tangazo, kesho nalipeleka posta Ngara: "........ anasikitika kutangaza kifo cha Ndugu Philbert Bitababaje wa Kibimba, kilichotokea shimoni. Habari ziwafikie Theodosia na mama yake huko Runazi, Biharamulo. Theodosia aje upesi, peke yake." Kwa sababu hiyo shimo haliwezi kufukiwa, akifika lazima alione.

Kuna kipengele kimoja tu kilichonisumbua. Fomu inataka jina la mtoa tangazo, na awe ndugu wa karibu wa marehemu. Nimejaza langu.