Kabini ya Mama Mkwe

Kli-kli-kli-kli. Kijiko kilikuwa kikizunguka ndani ya kikombe cha bati, upande wa pili wa ukuta wa mbao, na alfajiri ya Nakuru ilikuwa bado nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Masinde alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha kamba, akihesabu. Mtu akikoroga chai mara nne, ana sukari. Akikoroga mara nane, ana sukari na mshahara. Huyu jirani alifika kumi na tisa, na Masinde akatabasamu gizani, maana mtu wa kukoroga mara kumi na tisa ana sukari, ana mshahara, na anataka majirani wajue.

Jirani mwenyewe aliitwa Kosgei, karani wa mizani kwenye ghala la mahindi. Sauti yake ilipita kwenye nyufa za mbao bila kulipa nauli.

“Jerop, bwana mkubwa ameandika barua akiwa melini. Anasema wanaletewa chai kitandani.”

“Kunywa yako uende kazini,” mkewe akajibu.

“Hata mimi siku moja nitapanda meli.”

“Hata mimi siku moja nitamaliza hizi sare za shule, ukiacha kunisimamia mbele ya taa. Arobaini, Kosgei. Shule inafunguliwa baada ya wiki tatu.”

Kisha cherehani ikaanza kunguruma, na Masinde akaketi. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, mvua ndefu ilikuwa imekawia, na kwa muda wa miezi miwili hakuna mtu katika lokesheni, mtaa wa Waafrika, aliyekuwa amemletea mjinga mnono namna hii, tena karibu kiasi cha kumsikia akimeza.

Inafaa msomaji amjue Masinde vizuri, maana watu waliochelewa kumjua walijuta. Alikuwa mtu wa Kimilili, mrefu, mwenye koti la kijivu na ulimi uliopakwa siagi. Zamani alikuwa boi wa nyumba kwa mzungu mmoja karibu na Naivasha. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, aliacha pipa la takataka, na ndani ya pipa Masinde akaokota karatasi kubwa yenye rangi: picha ya meli iliyopasuliwa kama papai, kila chumba kikionekana na namba yake. Bahari hakuwahi kuiona. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa la Nakuru, ambalo ndege wekundu hulivuka kwa miguu. Lakini toka lini mwuza mbingu akaulizwa kama amefika?

Jioni ile Kosgei alipotoka kazini alimkuta Masinde kwenye ngazi ya mlango wake, karatasi magotini, penseli sikioni, akitikisa kichwa kama daktari.

“Pole, jirani,” alisema Kosgei. “Una msiba?”

“Bora msiba, bwana karani. Msiba unazika ukaisha. Mimi wamenipa meli nzima niigawe, na watu wa Nakuru hawajui kuchagua kabini.”

Kosgei alisogea. Masinde alikunja karatasi nusu. Kosgei akasogea zaidi.

“Meli gani?”

“Ya kwenda Ulaya na kurudi. Inatoka Mombasa mwezi wa nane. Safari ya kwanza ambayo watu wetu watalala juu, kwenye kabini, badala ya chini na magunia. Lakini wewe una kazi nyingi, kwaheri.”

“Ngoja! Sasa hiyo kabini inachaguliwa namna gani?”

Masinde alimtazama kwa huruma, akafungua karatasi polepole. “Hapa ndipo watu wanapopotea. Mchinjaji wa sokoni amechukua hii, kwa sababu iko karibu na jiko. Nimemwambia utanuka vitunguu mpaka Ulaya, amekataa kusikia. Fundi viatu amechukua hii ya mwisho, apate kushuka wa kwanza; hajui kwamba meli ikigeuka huko nyuma ndiko kunakocharazwa. Mtu mwenye akili anakaa katikati. Katikati meli haitikisiki. Na juu, apate hewa. Na dirisha la duara, amwone samaki naye samaki amwone.”

“Hii hapa,” Kosgei alisema, kidole kikiwa juu ya namba kumi na saba. “Katikati. Juu. Dirisha.”

“Aa, hiyo! Hiyo ameiulizia Mathenge wa posta.”

Jina la Mathenge wa posta lilifanya kazi yake. Mathenge alikuwa amenunua baiskeli yenye taa wiki ile ile ambayo Kosgei alinunua isiyokuwa nayo.

“Mathenge amekupa nini?”

“Ahadi. Na kabini haishikwi kwa ahadi, bwana karani. Mchinjaji ametoa kondoo, fundi viatu blanketi jipya la rangi nyekundu. Wewe una nini ndani?”

Kosgei alifikiri. Mshahara ulikuwa mbali. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, mtoto wa miaka minne, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo mkewe aliinunua kwa miaka mitatu ya kushona viraka vya watu. Jerop alikuwa ameenda kisimani na mtoto. Naye Kosgei, tumhurumie kidogo, alikuwa tayari yuko kwenye kabini namba kumi na saba, akiletewa chai.

Jerop aliporudi alikuta mahali pa cherehani pana alama nne tu sakafuni na vitambaa vya sare vilivyokunjwa vizuri juu ya kitanda. Hakupiga kelele. Mwanamke anayepiga kelele bado ana imani nawe. Alimsikiliza mumewe akieleza habari za katikati, na juu, na dirisha la duara, na kondoo wa mchinjaji, na blanketi jekundu la fundi viatu, halafu akatoka nje na mtoto mgongoni, akamtuma dereva wa lori la maziwa na neno moja kwa mama yake huko Rongai.

Mama Cheptanui, ambaye mtoto humwita kogo, yaani bibi yake, alifika Jumamosi asubuhi, amejifunga shuka mbili, na hakuingia ndani. Kwa watu wao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, wala hawalali chini ya paa moja. Basi aliketi nje kwenye kigoda, na Kosgei akasimama ndani ameelekea ukutani kama mtoto wa shule aliyekosa. Hivyo ndivyo walivyozungumza, yeye na mama mkwe, na mbao katikati.

“Mama yake Jerop anasema hivi,” Cheptanui aliuambia ukuta. “Ile cherehani isiporudi kufikia kesho jioni, nakwenda na binti yangu. Na mtoto. Anayetaka kupanda meli apande peke yake, hapo kutakuwa na nafasi ya kutosha.”

Ukuta ulipiga chafya.

“Sasa niitieni huyo kijana wa meli.”

Masinde alikuja akiwa amejiandaa kwa matusi. Badala yake alipewa kigoda.

“Nimesikia una meli,” Cheptanui alisema. “Mimi ni mjane, lakini marehemu aliacha ng'ombe. Tuko wazee wanawake saba, rika moja. Tumechoka kutazama mahindi. Tunataka kabini saba. Kila mmoja atatoa mtamba mmoja. Au meli haichukui ng'ombe?”

Mitamba saba! Masinde alimeza mate, na koti lake likaonekana kumbana ghafla.

“Mama, inachukua! Inachukua sana!” Akatandaza karatasi chini mbele yake. “Chagua.”

Cheptanui hakujua kusoma, ila alijua kutazama. Alizungusha karatasi mara tatu.

“Mkwe wangu analala wapi?”

“Namba kumi na saba. Hapa juu.”

“Na hapa chini yake?”

“Kabini nzuri sana, ishirini na tisa. Ningekupa wewe.”

“Mkwe wangu alale juu ya kichwa changu?”

Masinde aliinua penseli haraka. Tunajua wajanja hawaogopi askari wala Mungu, lakini huyu alikuwa mtu wa Kimilili, na kwao mambo ya mama mkwe si mchezo. Yeye mwenyewe aliwahi kutumbukia kwenye mtaro uliojaa matope kwa sababu mama mkwe wake alitokea kwenye njia nyembamba.

“Samahani, mama! Tumpeleke mbele. Huku kwenye ncha.”

“Nikitoka kwenda kunawa, nitapita wapi?”

“Ujia huu hapa.”

“Naye?”

Masinde alifuatisha kwa penseli. Njia zikakutana. Akajaribu ngazi ya pili. Zikakutana kwenye chumba cha kulia. Akamshusha Kosgei kwenye mashine, akampandisha kwenye bomba la moshi, akamweka ndani ya mashua ya kuokolea. Kila alipomlaza, asubuhi alimkuta mlangoni pa mama mkwe.

“Kijana,” Cheptanui alisema kwa upole, “hii meli ina paa ngapi?”

“Moja, mama. Meli ni kama nyumba moja kubwa.”

“Na mwenye nyumba ni nani?”

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema hajui. Lakini Masinde aliwaona mitamba saba wakimpita mbele ya macho, wakitingisha mikia.

“Huku bara,” alisema akijipiga kifua, “mwenye nyumba ni mimi.”

“Basi imekuwa rahisi. Sisi kwetu, mtu akitaka kuwaweka mama na mkwe chini ya paa lake, yeye mwenye nyumba anatoa vitu vya kufungua njia. Anampa mama kondoo. Anampa blanketi jipya, jekundu, la kufunika macho. Na anampa kitu cha chuma kizito, kile ambacho mkwe alikitoa mkononi mwake. Akishafungua njia tunalala hata kitanda na kitanda. Asipofungua, meli inazama.”

Ndani ya nyumba, Kosgei alifungua mdomo. Alizaliwa kwenye mila hizo, akatahiriwa katika mila hizo, akaoa kwa mila hizo, na hakuwahi kusikia habari ya blanketi la kufunika macho. Lakini mkwe hamsahihishi mama mkwe mbele ya watu. Akaufunga mdomo.

“Inazama?” Masinde aliuliza.

“Wewe kwenu haizami?”

Masinde aliufikiria ule mtaro wa matope. Kwao, kwa kosa dogo kuliko hilo, watu waliota mapele. Kisha akapiga hesabu yake: cherehani moja, kondoo mmoja, blanketi moja, upande huu, mitamba saba upande ule. Chambo ni chambo tu.

“Mitamba wanakuja lini, mama?”

“Njia ikishafunguliwa.”

Kabla ya saa nane mchana, watu wa lokesheni walimwona Masinde akisukuma mkokoteni: cherehani juu, blanketi jekundu juu ya cherehani, kondoo nyuma akivutwa kwa kamba. Alivishusha vyote miguuni pa Cheptanui kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, huku uso ameugeuza upande. Hata koti lake alilivua alipoambiwa kwamba kondoo asiyefunikwa analeta mafua baharini.

Jumapili alfajiri alikuwa amesimama njia panda ya barabara ya Rongai na kamba saba begani. Magari yalipita. Watu wa kanisa walipita, wakarudi. Saa tisa alirudi kwa Cheptanui akiwa mwekundu kwa vumbi.

“Mama, ng'ombe?”

“Wako malishoni, wanangoja. Siku meli itakapofika stesheni ya Nakuru, watafika nao.”

“Mama, meli haiwezi kufika Nakuru! Hakuna bahari!”

“Basi hata ng'ombe hawawezi.”

Masinde alivuta pumzi apige kelele, akakumbuka kwamba kelele huita watu, na watu huuliza maswali. Mmoja alikuwa tayari amesimama nyuma yake, aproni imejaa damu.

“Mwenye meli,” mchinjaji alisema, “mbona nimemwona kondoo wangu amevaa koti lako?”

Wanaosema wanasema Masinde aliruka ua kwa mkono mmoja. Garimoshi la mizigo la kwenda magharibi lilipopita jioni ile, mtu bila koti alionekana juu ya magunia ya chumvi. Hakuchagua mahali pa kukaa.

Mchinjaji alirudishiwa kondoo wake, akamchinja, akaacha paja moja, kwa sababu Mama Cheptanui alisema kazi ni kazi. Fundi viatu alipata blanketi. Na cherehani ikabaki nje uani, karibu na kigoda cha mama, na kwa kuwa si Kosgei aliyeirudisha, hakuna aliyejua kama itaingia ndani au itapanda lori la maziwa pamoja na Jerop.

Jua lilianza kushuka. Jerop alikuwa amesimama kando ya mama yake, kifurushi cha sare kichwani. Ndani, Kosgei aliweka paji la uso kwenye mbao.

“Mwambieni mama,” alisema, “mimi nimekosa. Mwambieni nitafua, nitachota maji, nitashona vifungo, sare arobaini zitatoka kwa wakati. Na Jerop asiende. Mimi sitaki meli. Nilitaka tu mtu mmoja aseme Kosgei naye alifika mahali.”

Kutoka nje akasikia kitu kama pumzi iliyokatika, kikafuatiwa na kingine, kama mtu anayejizuia asilie kwa hasira, na alama nne pale sakafuni zilikuwa zikimtazama, na yeye hakuwa na ruhusa ya kugeuka aone.

Mtoto Jepkorir, ambaye mila ilikuwa bado haijamgawia ukuta wake, alisimama mlangoni katikati yao, akatazama nje, akatazama ndani.

“Baba, kogo anacheka.”