Uji wa Boti

Jumanne, 9 Septemba

Doreen anaota jino la tatu. Sijalala. Anayeandika hapa ni kivuli cha Raheli.

Leo mama mkwe ametoa hukumu, chai ikiwa bado ya moto. Boti ya mume wangu, Fanueli, imekaa uani kwake miezi mitatu, kando ya zizi, kuku wanatagia ndani. Kama Jumamosi jua linazama na boti haiwezi kubeba injini, itakuwa hori la mtamba wake. Wifi Faustina akadakia kwamba litakuwa hori zuri, la faiba, kata nzima ya Mamba hakuna lingine.

Nimeitikia, sawa mama. Moyoni nimesema thubutu!

Maana ile siyo boti. Ile ni nyumba yangu. Fanueli anavua bwawani Kalemawe kwa boti ya watu, anapanda huku mara mbili kwa mwezi, na mtoto akimwona analia kama ameona mchanja chanjo. Boti ikipona tunahamia bwawani sote watatu. Chumba kimoja, sufuria zangu mwenyewe. Isipopona nabaki hapa kuulizwa kwa nini makande yangu yana chumvi.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoning'inizwa injini. Nje faiba, ndani faiba, katikati mbao, na mbao zimeoza. Fanueli aliipandisha mlimani kwenye Fuso lililokuja kubeba tangawizi, kwa sababu bwawani wezi wangeimaliza kipande kipande. Majirani bado wanatuuliza kama tumeambiwa gharika inakuja lini.

Dawa ipo. Ndoo tatu za uji mzito wa kemikali kutoka Tanga. Unatoa mbao zilizooza, unachanganya uji na kigandisho chake, unamwaga katikati, unakuwa jiwe. Fundi Gideoni atakuja Ijumaa. Fanueli amesisitiza kwenye simu nisiguse kitu.

Ijumaa ya fundi! Ijumaa ya mwaka gani?

Nimeamua. Namwaga mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Mama mkwe kaenda kliniki ya macho Same. Bahati hiyo!

Doreen mgongoni, patasi mkononi. Nimekata ukingo wa juu, nimechokonoa mbao kwa mtaimbo. Zinatoka kama ugali uliolala kwenye maji. Nimetoa karai tatu za uozo, mjusi mmoja na mayai sita. Mayai nimekaanga.

Uji hautaki unyevu. Nikawasha pasi ya mkaa, nikaupiga pasi ukuta wote, nje na ndani, kama sare ya shule. Wifi akapita, akauliza boti inakwenda kipaimara lini. Nikamwambia mwaliko utamfikia.

Maelekezo ni ya Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia kidato cha nne, nacho kiliishia vibaya. Lakini kuna picha. Ya kwanza: egemeza mbao nyuma, ukuta usivimbe kwa uzito wa uji. Mbao sina. Ukuta wa zizi upo! Wa mawe, wa babu yake Fanueli. Wabeba tangawizi wanne wamenisaidia kusukuma boti kinyumenyume mpaka ikaugusa. Ya pili: ziba matundu. Yapo manne ya boliti na moja la kutolea maji. Nimeyaziba kwa ugali wa jana. Ugali wa jana ukikauka unaishinda saruji, muulize aliyewahi kuosha sufuria.

Picha ya tatu ni saa ya ukutani. Saa tu. Sikuielewa. Labda wanatangaza saa.

Alhamisi, 11 Septemba

Kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja kwetu. Kuna msaragambo: pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu. Juzi nilimwendea Mzee Elirehema, mzee wa kanisa, nikamwamkia vizuri, nikamwomba apulize. Akauliza ni mfereji? Nikasema ni kitu cha maji. Sikudanganya.

Wamekuja kumi na wanne, na majembe. Kuona ni boti, wawili wakataka kurudi, harufu ya makande ikawazuia.

Mimi nikawa nimejiandaa. Ndoo ya kwanza nimeichanganya mapema, kigandisho chote ndani, nikaikoroga kwa mwiko mkubwa wa mama mkwe, ili watu wakute kazi iko tayari. Uji ukalainika vizuri. Nikasema, haya, tumwage.

Mzee Elirehema akasema hatuanzi bila kumtanguliza Mungu.

Akaomba. Aliiombea boti. Aliwaombea wavuvi wa bwawani, na wale wa Galilaya. Aliiombea bei ya tangawizi. Akamkumbuka Nuhu. Nilipofumbua jicho moja, ndoo ilikuwa inatoa moshi. Nikakohoa. Akadhani nimeguswa, akaongeza na Yona.

Amina ilipofika nikashika mwiko, nikavuta. Ndoo nzima ikainuka nao. Nikautikisa. Ndoo nayo ikatikisika. Uji ulikuwa jiwe! Wifi Faustina alicheka mpaka akakaa chini, akasema mawifi wengine wanaleta vyombo kwa mama mkwe, huyu anavipanda.

Nikawaambia ndoo mbili zilizobaki Mungu ameshazisikia. Nikachanganya, nikamwaga, mbio! Cha ajabu, ujazo ulikuwa unashuka. Unamwaga, unashuka. Nikawaeleza kwamba boti ikikaa mlimani muda mrefu inapata kiu. Mwishowe ikajaa hadi juu. Wamepiga makofi. Wamekula makande, hakuna aliyetaja chumvi.

Mama mkwe amerudi na miwani mipya. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni mwiko wake.

Ijumaa, 12 Septemba

Ukuta umekauka. Nimeugonga kwa nyundo, nyundo imeruka. Furaha yangu! Nikawaita wabeba tangawizi tuivute boti mbele kidogo, injini ipate pa kuning'inia.

Haiji.

Tukavuta tena. Likaanguka jiwe moja la juu ya zizi, lakini boti haiji.

Nikalala kifudifudi kuchungulia. Ugali haupo! Kuku wa mama mkwe wameudonoa wote, matundu yote matano, wameshiba, wananitazama. Uji ulipita humo, ukatoka nyuma, ukashikana na mawe. Ndiyo ile kiu. Boti na zizi sasa ni kitu kimoja. Pale pa injini pana ukuta wa babu.

Mama mkwe akaleta kigoda, akakaa, akavaa miwani, akatazama kwa muda. Akasema kwa upole kwamba kilichoshikana na ukuta wake ni chake, na kama nina la kusema twende kwa wazee. Ndiyo Wapare sisi. Hata kwa hori tunakwenda kwa wazee.

Saa kumi kamili akatokea fundi Gideoni. Ijumaa! Ijumaa ileile aliyosema! Akauliza nani kafanya hii kazi. Nikasema msaragambo.

Jumamosi, 13 Septemba

Fanueli amefika na injini imefungwa nyuma ya bodaboda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri.

Aliitazama boti. Akanitazama mimi. Akasema, Mama Doreen, nilikwambia usiguse. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamwambia kweli. Kwamba nimechoka kumshika mtoto aliaye kwa kumwona baba yake. Kwamba nilitaka akifika aikute iko tayari, tuondoke. Doreen naye akachagua dakika hiyohiyo kumlilia.

Fanueli akavua shati, akachukua mtaimbo.

Yeye na Gideoni wamegonga tangu saa tatu. Saa kumi boti ikatoka, imekamata mawe saba kama mtoto aliyegoma kurudisha vitu vya watu. Ukuta wa zizi ukatafakari kidogo, ukalala chini. Mtamba akaelekea shamba la tangawizi.

Mama mkwe akamwita Mzee Elirehema. Nilimwomba mzee, shikamoo zikiwa mbili, tuanze na hukumu, sala baadaye. Akaamua: boti ni ya Fanueli, mawe ni ya mama, yabanduliwe yote saba na yarudishwe. Jiwe la mwisho limebanduka jua likigusa mlima. Gideoni akatoboa matundu upya, injini ikapandishwa, boliti zikakazwa. Gideoni akaikalia. Fanueli naye akaikalia. Ukuta haukulia hata kidogo!

Mama mkwe akatazama jua. Akatazama injini. Akasema, haya, nendeni.

Jumapili, 14 Septemba

Tunashuka Jumatano na Fuso la tangawizi. Nimeimba kanisani mpaka wifi akageuka.

Tulipotoka, mama mkwe akaniita pembeni. Zizi halina ukuta, mtamba kapelekwa kwa Faustina, yeye hapa hana kazi tena. Amefikiri, ameona mtoto anahitaji bibi. Anakuja nasi Kalemawe mpaka Doreen atembee. Ameshafunga mizigo: godoro, vyungu na kuku wote.

Chumba kimoja!

Fanueli akasema karibu mama. Nami nikasema karibu mama. Siyo kwamba simpendi. Leo mchana kamchukua Doreen, kambembeleza kwa Kipare, nami nimelala saa mbili nzima kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Nimeamka nikamwona ameshona kofia ya mtoto iliyochanika. Nimelia kidogo. Lakini chumba kimoja, wifi hayupo wa kumgawana naye!

Nimepata njia. Zizi likisimama kabla ya Jumatano, mtamba atarudi, na mama hawezi kumwacha mtamba. Fanueli anasema kazi ya mawe ina wenyewe, tusubiri fundi wa kutoka Suji. Sijambishia.

Kesho wote wanakwenda shambani. Nitaujenga mimi. Ukuta ni mawe tu yaliyopangwa, na mimi nimeuona ukianguka. Najua kila jiwe lilipokuwa.