Malalamiko Kuhusu Kufungwa kwa Tovuti ya Uyoga Saa za Mpira

Valdelpinar, mkoa wa Soria
Tarehe 4 Novemba

Kwa Mkuu wa Idara ya Malalamiko,
Kampuni ya Mtandao (ile yenye gari la kijani lililofika kwetu mara moja tu)

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na mtandao wako ukiwa wazi, maana wewe bila shaka hawakufungii. Karatasi yenu rasmi ya malalamiko ina mistari minne. Mimi nilikuwa karani wa halmashauri ya kijiji hiki kwa miaka thelathini na mitatu, na mistari minne hainitoshi hata kujitambulisha. Kwa hiyo naambatanisha kurasa hizi, na nimezipanga kwa namba kama nilivyozoea kazini.

Jina langu ni Saturio Lapeña. Ni mgane, nina umri wa miaka sabini na miwili, na ni Mwenyekiti wa Chama cha Uyoga cha Valdelpinar. Kila Jumapili ya Oktoba na Novemba, misa ikiisha, tunatoa meza mbele ya kanisa. Watu waliokwenda msituni tangu alfajiri wanamwaga vikapu vyao mbele yangu, nami nakagua. Nikisema "kikaangoni," uyoga unapelekwa nyumbani. Nikisema "pipani," unatupwa papo hapo, na hakuna rufaa. Meza hiyo ndiyo Jumapili yangu. Nikinyang'anywa, nitabaki mzee anayezungumza na jokofu, na jokofu langu si msikivu.

Sasa sharti nikiri jambo, kwa kuwa mficha uchi hazai. Mimi uyoga siujui. Miaka kumi na minne iliyopita nilishuka kwenye basi la kutoka Zaragoza nikiwa na kitabu kinene cha uyoga kwapani, zawadi ya shemeji yangu aishiye ughaibuni. Watu wakakiona. Jumapili iliyofuata nikachaguliwa mwenyekiti, mikono yote juu. Ningeweza kukataa. Lakini mke wangu Casilda alikuwa amefariki Februari ya mwaka ule, na tangu siku ya harusi yetu hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi.

Tangu hapo nimeishi kwa rehema za tovuti moja. Ni ya Bi Práxedes, mstaafu wa maabara huko Pamplona, ambaye amepiga picha za uyoga wa aina zaidi ya elfu moja. Tovuti inakuuliza maswali: je, shina lina pete? Je, chini ya kofia ni kweupe? Je, mguuni kuna kifuko? Ukimaliza, inakuambia ule au usile. Kwa hiyo nikikutana na uyoga nisioujua, yaani wowote, husema, "Ngoja nikanawe mikono," naingia chumba cha nyuma cha kanisa, natoa simu, narudi na hukumu. Kijiji kizima kinanisifu kwa usafi.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, saa saba na dakika hamsini mchana, tovuti ilikataa kufunguka. Nilinawa mikono mara saba. Nilipotoka vidole vimekunjamana, vikapu kumi na kimoja vilikuwa vinaningoja. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye cheo asiye na elimu angefanya: nikavihukumu vyote pipani. Bi Fermina, jirani yangu, ambaye ana miaka sabini na minane na hana subira na mtu, akauinua uyoga mmoja wa rangi ya chungwa. Ni ule tunaouita niskalo, ambao hapa hata mtoto wa chekechea anaujua.

"Saturio, hii ni niskalo," akasema.

"Naiona."

"Bibi yako kakulea kwa hizi."

"Niskalo za mwaka huu haziaminiki," nikamjibu, kwa ile sauti yangu ya halmashauri.

Akazitupa mwenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi vijiji vitatu vya jirani, ambako watu waliacha kula niskalo kabla ya Jumatano. Ijumaa akaja bwana mifugo wa wilaya kuniuliza kuhusu ugonjwa huo mpya. Nilimshauri aendelee kufuatilia.

2. Nilipiga simu kwenu. Alipokea binti mmoja aitwaye Nerea, mpole sana, na ninaomba asiadhibiwe kwa yatakayofuata.

"Baba, sisi hatujaifunga tovuti yako. Tumefunga anwani."

"Anwani ya nani?"

"Ya mtu anayerusha mechi za mpira kwa wizi. Ni amri ya mahakama. Ila kwenye anwani hiyo hiyo wamo wengine kama elfu tatu."

"Na Bi Práxedes yumo?"

"Yumo."

"Mama yule hata mpira hapendi."

"Pole sana, baba. Mechi ikiisha atafunguliwa. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

Ndugu Mkuu, wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Sikujua kwamba kuna watu wataigeuza methali hiyo kuwa kanuni ya mtandao, watupe tenga zima saa nane kasoro dakika kumi, kisha saa kumi waturudishie samaki wale wale na kutuambia ni wazima.

3. Sikutaka ugomvi, nikajaribu kuwafuata ninyi. Nilihamisha ukaguzi hadi Jumamosi: mpira. Ijumaa: mpira. Jumatatu: mpira. Jumanne na Jumatano kulikuwa na mechi za Ulaya, na hizo nazo zina mahakama yake. Alhamisi moja tu ilikuwa tupu, lakini Alhamisi ndiyo siku daktari anapokuja kijijini, na watu wetu wanaona haya kukutwa na kikapu cha uyoga mbele ya daktari. Nikarudi Jumapili. Wiki yenu, kwa kweli, haina siku.

4. Jambo hili limeleta mgawanyiko baani. Mwenye baa, Eladio, yuko upande wenu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki nitayaandika maneno yake. "Mimi nalipia mpira nyinyi mje mnywe hapa," alisema. "Mkiuiba mkaangalia na soksi sebuleni kwenu, mimi nitamuuzia nani bia? Wafunge. Wafunge na uyoga." Padri Leandro akasema mtandao ni kama posta: tarishi hapaswi kuuliza ndani ya barua mna nini, wala kuchagua ipi ifike leo na ipi ingoje mapumziko. Huo, alisema, ndio usawa wa mtandao, na hata Ulaya wameuandikia sheria. Bi Fermina, aliyekuwa anacheza karata, hakuinua hata kichwa. "Jirani kaiba ndoo, mimi nazibiwa njia ya kisimani," alisema. "Cheza, Padri."

Kila aliyesema nilimwona ana haki. Ndiyo kasoro yangu tangu halmashauri, ndiyo maana sikuwahi kupandishwa cheo. Lakini jibu la Eladio liliniuma zaidi kwa sababu aliongeza jambo: kwamba kwa Jumapili tatu mfululizo sijasema neno lingine ila pipani. "Kusema 'pipani' hata kasuku wangu anaweza," alisema, "na kasuku hanawi mikono mara saba." Watu walicheka. Nilisikia mtu nyuma akisema labda wakati umefika wa kuchagua mwenyekiti mwingine. Nilimaliza kahawa yangu nimesimama.

5. Hili ndilo zito. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwenye kikapu cha Bi Fermina kulikuwa na uyoga mweupe, mrefu, wenye pete shinani. Nilikwenda kunawa. Tovuti imefungwa, mechi ni mbili kwa mbili. Nikarudi. Watu wote walikuwa wananitazama, Eladio kakunja mikono. Nikapiga moyo konde nikasema, "Kikaangoni." Walinipigia makofi, Ndugu Mkuu. Miaka kumi na minne sikuwahi kupigiwa makofi kama yale, na niliyafurahia mpaka kwenye mlango wa nyumba yangu.

Pale mezani niliiacha supu ikapoa. Nikafungua tovuti: imefungwa. Nikakishusha kile kitabu kinene kutoka kabatini, nikakifungua kwa mara ya kwanza, ndipo nikagundua kwamba kimeandikwa kwa Kijerumani, na michoro yake yote haina rangi. Nikafungua tovuti tena: bado. Nikawasha redio: mwamuzi alikuwa pembeni mwa uwanja, anatazama penalti kwenye runinga. Kisha redio ikasema kuna dakika tisa za nyongeza. Nikakimbia. Mara ya mwisho nilikimbia mwaka tuliopokea gari la zimamoto, na hata siku hiyo nilikuwa nimechelewa.

Kwa Bi Fermina kikaango kilikuwa motoni, kitunguu saumu kinanukia, binti yake na wajukuu wawili wameshaketi, mikate mikononi.

"Zima jiko," nikasema. "Uyoga siujui. Sijawahi kuujua. Huwa natazama kwenye simu."

Bi Fermina akazima jiko, akakinyanyua kikaango na kukimwaga chote kwenye taka.

"Haya, umesema," akaniambia. "Keti. Kuna mayai."

Niliketi nikala mayai, na nililia kidogo, nikakisingizia kitunguu saumu. Tovuti ilifunguka saa kumi na dakika nne. Nilijibu maswali yake kwa kukumbuka, kwanza ikaniambia ule, mara ya pili ikaniambia usile. Lakini hilo si hoja. Hoja ni kwamba familia nzima ilinusurika kwa miguu yangu, na si kwa huduma yenu.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwa heshima:

(a) Tovuti ya Bi Práxedes itolewe kwenye jengo la wezi na ipewe mlango wake.

(b) Hilo likishindikana, kila mwamuzi wa ligi afunzwe uyoga, na wakati wa mapumziko akague vikapu vya kijiji kimoja kwa zamu, kwa kuwa mapumziko hana kazi.

(c) Hilo nalo likishindikana, mechi zipunguzwe ziwe za dakika ishirini, muda ambao mtu anaweza kunawa mikono bila kushukiwa.

(d) Nipewe barua yenye muhuri, inayoeleza kwamba kutojua kwangu kumesababishwa na hitilafu ya mtandao. Nitaibandika kwenye mlango wa kanisa kabla ya Jumapili, siku ambayo chama kinakutana kuamua kama mimi bado ni mwenyekiti.

Nisalimie Nerea, na mwambie nimezima na kuwasha. Msalimie jaji, wachezaji wa timu zote mbili, na yule mwizi wa mpira kama anwani yake mnayo. Wana-Valdelpinar wote wanakusalimu, isipokuwa Eladio, ambaye anakupongeza.

Ni mimi, mteja wenu ninayengoja ukurasa ufunguke,

Saturio Lapeña Ortego
Mwenyekiti (mpaka Jumapili)

Tanbihi: Karatasi yenu inataka sahihi ya shahidi, kwa hiyo jana niliipeleka barua hii kwa Bi Fermina. Alivaa miwani akaisoma yote, akacheka mahali ambapo sikukusudia mtu acheke. Kisha akaniambia, "Namba tano futa. Hakuna kikapu kilichowahi kufika mezani kwako kabla ya kupita jikoni kwangu. Kila Jumapili wanapita kwangu kabla ya misa, tangu mwaka wa kwanza. Ule mweupe tunaula kila mwaka."

Nikamuuliza, sasa kwa nini aliumwaga.

"Kwa sababu ulikuja mbio," akasema.

Nikamuuliza, basi mimi mlinichagulia nini. Akaivua miwani. "Casilda alipoondoka ulifunga madirisha toka Februari mpaka Septemba. Tukatafuta kitu cha kukutoa ndani. Kwaya tuliiwaza, lakini sauti yako tunaijua."

Nimekaa na maneno hayo usiku kucha na sijui niyaweke chini ya namba gani. Kwa hiyo sharti nikuarifu kwamba hakuna aliyewahi kuwa hatarini, na malalamiko yangu hayana msingi. Jumapili hii hakuna kikao. Kilikuwa uvumi wa Eladio. Badala yake Bi Fermina ameanza kunifundisha uyoga, kila Jumapili saa nane mchana, yeye na mimi, msituni. Amesema atanifundisha kwa muda wote ambao simu yangu haina majibu, na siku itakapokuwa nayo atarudi kwenye karata zake.

Naomba basi tovuti ile iendelee kufungwa, kwa nguvu zote za sheria. Mimi ni mzito wa kuelewa. Na ligi ikiisha mwezi Mei kabla sijaelewa, tafadhali tafuteni mchezo mwingine.